Mashine ya ushirika imesimama kwenye boot> baada ya umeme kukatika: je, kuna njia isiyohitaji kufuta diski?

mizani_ya_zabibu | Ijumaa, saa 1:20 jioni

Mbukwenyi wakuu. Mimi ni mhasibu wa chama kidogo cha ushirika cha wakulima wa zabibu, nje kidogo ya mji wa Dodoma, na ninaomba msaada katika jambo lisilo la fani yangu. Ofisini tuna kompyuta kuukuu ya mezani ambayo kazi yake ni kugawa intaneti kwa mashine nyingine tatu na kutunza mafaili ya mizani, yaani kila mkulima alileta kreti ngapi, zilipimwa kilo ngapi na amekwisha kulipwa kiasi gani, kwa misimu mitatu mfululizo. Aliyeiandaa ni kijana aliyekuwa akitusaidia, ambaye sasa amehama na simu yake haipatikani. Ninachojua ni kwamba aliweka OpenBSD badala ya Windows, na kwamba hakumwachia mtu yeyote nywila ya root, yaani ya msimamizi mkuu wa mashine.

Jana usiku umeme ulikatika, ukarudi, kisha ukakatika tena kabla hata ya dakika tano kupita. Leo asubuhi nilipoiwasha, ilijaribu mara kadhaa, halafu ikatulia na maandishi haya:

booting hd0a:/bsd: open hd0a:/bsd: No such file or directory
failed(2). will try /bsd
Turning timeout off.
boot>

Hapo ndipo ilipo mpaka sasa. Sijagusa kitufe chochote kwa kuogopa kuharibu zaidi. Bakapu ya mwisho tuliyo nayo ni ya miezi minne iliyopita, na Jumatatu wakulima wanakuja kuchukua malipo yao. Nifanye nini?

fundi_nkuhungu | Ijumaa, saa 1:41 jioni

Mkuu, pole sana. Kwa uzoefu wangu, mashine ikishasema faili la mfumo halipo, mfumo umekufa na hauna dawa. Chomeka flashi yenye mfumo mpya, futa diski, weka upya, kazi imeisha ndani ya saa moja. Kama una bakapu ya miezi minne, ya miezi iliyobaki utaingiza upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi.

mzee_wa_terminali | Ijumaa, saa 2:05 usiku

Ndugu mhasibu, nakuomba usichomeke flashi ya mtu yeyote, na usikubali diski hiyo ifutwe kabla hatujaiuliza mashine yenyewe maswali mawili matatu. Kukosekana kwa faili moja si kufa kwa mfumo, na mashine iliyokufa haikuandikii boot> ikasubiri jibu.

Nieleze kwanza mahali uliposimama. Kompyuta ikiwashwa, programu iliyomo kwenye ubao mama husoma sekta ya kwanza ya diski. Sekta hiyo humwita mpakiaji mdogo, na mpakiaji mdogo humwita mpakiaji mkubwa zaidi, ambaye katika OpenBSD ni faili liitwalo /boot. Huyu wa mwisho ndiye anayezungumza nawe sasa. Kazi yake ni moja tu, kuitafuta kerneli, yaani kiini cha mfumo kilicho kwenye faili la /bsd, kuiweka kwenye kumbukumbu na kuikabidhi mashine. Siku za kawaida hukuandikia boot> na kusubiri sekunde 5, na usipogusa kitufe hupakia /bsd kutoka kwenye diski aliyotokea yeye mwenyewe. Safari hii hakuikuta, akajaribu tena, akaikosa tena, akazima saa yake ya kuhesabu na kukusubiri wewe. Kwa hiyo diski inasomeka, na jedwali la patisheni, yaani vigawanyo vya diski, linasomeka, maana bila hivyo hata yeye asingefika hapo.

Jambo la pili ni hofu yako ya kugusa vitufe. Unapoandika amri hapo, kerneli haijawaka, hakuna patisheni iliyopachikwa kwa ajili ya kuandikwa, na chochote utakachokiweka kwa amri ya set hupotea ukizima mashine. Ukikosea tahajia, atakuambia faili halipo na kukurudisha palepale. Mimi huwaambia vijana wangu kwamba pale ndipo mahali pa salama kuliko pote katika mashine nzima, salama hata kuliko ndani ya mfumo ukishawaka.

Sasa andika ls kisha ubonyeze Enta. Utaorodheshewa yaliyomo kwenye saraka kuu, pamoja na ukubwa wa kila faili. Niandikie majina yote yanayoanza na herufi bsd.

njia_ya_kondoa | Ijumaa, saa 2:18 usiku

Mzee, kwa heshima, kuna sahihisho dogo. Si kweli kabisa kwamba mpakiaji haandiki kitu. Akilikuta faili la /bsd.upgrade lenye ruhusa ya kutekelezwa, lile linalowekwa na sysupgrade, amri ya kusasisha mfumo, tangu toleo la 6.6 la mwaka 2019, hulipakia badala ya /bsd, na hapohapo huliondolea ile ruhusa ili usasishaji usijirudie bila mwisho. Kubadili ruhusa ni kuandika kwenye diski.

mzee_wa_terminali | Ijumaa, saa 2:24 usiku

Umesema kweli, na ninalipokea. Hata hivyo hilo hutokea wakati wa kupakia. Hakuna amri ya mtu kwenye prompti, yaani hapo mashine inaposubiri amri, inayoandika juu ya mafaili yake ya mizani.

mizani_ya_zabibu | Ijumaa, saa 2:50 usiku

Ahsante mzee, nimerudi ofisini na tochi ya simu. Nimeandika ls na majina yaliyotoka ni mengi, lakini yenye bsd ni matatu: bsd.booted, bsd.rd na bsd.sp. Yote yana ukubwa wa mamilioni ya baiti, hakuna lenye sifuri. Faili liitwalo bsd peke yake halimo. Nimeona pia home, var, usr na etc.

mzee_wa_terminali | Ijumaa, saa 3:12 usiku

Nenda kapumzike ukiwa na amani, dada au kaka, maana una kerneli tatu nzima na uliyoikosa ni moja.

Kilichotokea nakikisia hivi, na ule umeme uliorudi na kukatika ndio unaonipa ushahidi. Tangu toleo la 6.2 la mwaka 2017, OpenBSD kila inapowaka huunda kerneli mpya kwa ajili ya safari ijayo. Huvichukua vipande vya kerneli, huvipanga upya kwa mpangilio wa kubahatisha, huviunganisha kuwa faili moja, kisha huliweka faili hilo mahali pa /bsd. Lengo ni kwamba mvamizi aliyejifunza ramani ya kumbukumbu ya mashine moja asiweze kuitumia kwenye mashine nyingine, wala kwenye mashine ileile kesho yake. Kazi hiyo hufanyika nyuma ya pazia mara tu baada ya kuwaka, na kwenye kompyuta kuukuu inaweza kuchukua dakika kadhaa. Mashine yako iliwaka umeme uliporudi, ikaanza kuunganisha, na umeme ukakatika tena wakati faili la zamani likibadilishwa kwa jipya. Ni bahati mbaya ya nadra, lakini kwetu huku ambako umeme hurudi kwa kujaribujaribu, si ajabu.

Majina matatu uliyoyaona yana maana hizi. Faili la bsd.booted ni nakala ya kerneli iliyowaka mara ya mwisho, na hilo ndilo tutakaloanza nalo. Faili la bsd.sp ni kerneli ya kichakataji kimoja, ambayo huwekwa pale mashine inapokuwa na vichakataji zaidi ya kimoja, na itafanya kazi zako zote ila kwa mwendo wa pole. Faili la bsd.rd ni kerneli iliyobeba ndani yake mfumo mdogo unaoishi kwenye kumbukumbu pekee. Hiyo ndiyo hutumika kusakinisha na kusasisha, na ndiyo kimbilio la mwisho diski inapokuwa na hali mbaya.

Kwa kuwa huna nywila ya root, tutaingia katika hali ya mtumiaji mmoja. Kesho asubuhi, ukiwa na umeme wa uhakika, andika:

boot bsd.booted -s

Ile -s ndiyo inayoiambia kerneli isianzishe huduma yoyote na ikupe ganda la root peke yake, yaani mahali pa kuandika amri kama msimamizi mkuu. Itakuuliza njia ya ganda unalotaka, nawe bonyeza Enta tu. Usiendelee zaidi ya hapo kabla hujaandika fsck -p, amri ya kukagua patisheni na kurekebisha kasoro ndogo, na kunijulisha majibu yake.

binti_kizota | Ijumaa, saa 3:30 usiku

Mimi ni mwanafunzi, naomba kuuliza bila kuharibu uzi. Kwa nini mpakiaji anasema hd0a, ilhali mfumo ukishawaka diski hiyohiyo huitwa sd0a au wd0a? Niliwahi kuandika ls sd0a:/ kwenye prompti na ikakataa.

njia_ya_kondoa | Ijumaa, saa 3:52 usiku

Swali zuri, kwa sababu watu wengi hupotelea hapo. Mpakiaji hana madereva yake mwenyewe, yaani programu za kuendesha vifaa. Anaziona diski kwa macho ya programu ya ubao mama, na anazihesabu kwa mpangilio anaopewa nayo, ya kwanza ikiwa hd0, ya pili hd1, na herufi ya mwisho ni patisheni. Kerneli ikishawaka huleta madereva yake, nayo huzipa diski majina kulingana na dereva. Kwa hiyo hd0 ni namba ya foleni, na foleni hubadilika. Ukichomeka flashi na ubao mama ukaamua kuitanguliza, flashi inakuwa hd0 na diski yako inasogea kuwa hd1, ingawa hakuna ulichokibadilisha ndani yake.

Mwaka juzi nilikesha na mashine moja Msalato kwa sababu ya flashi ya muziki iliyosahauliwa nyuma ya kasha. Dawa ni kuandika machine diskinfo, ambayo hukuorodheshea diski zote anazoziona, kisha ukachungulia moja baada ya nyingine kwa ls hd0a:/ na ls hd1a:/ mpaka uione ile yenye kerneli. Ukishaijua, unaandika boot hd1a:/bsd na safari inaendelea. Ikitokea kerneli imewaka lakini imeshika patisheni isiyo yake kama mzizi, rudi uandike boot -a, nayo itakuuliza kwa jina diski ya mzizi ni ipi. Hapo sasa ndipo unapojibu sd0a, kwa sababu anayeuliza ni kerneli, si mpakiaji tena.

mizani_ya_zabibu | Jumamosi, saa 3:05 asubuhi

Habari za asubuhi. Kwanza niseme kwamba kwa wasiwasi niliandika boot bsd.boted, nikakosa herufi moja, na moyo ulinipasuka. Ikasema faili halipo na kunirudisha kwenye boot>, kama mzee alivyosema. Mara ya pili nikaandika sawasawa, maandishi meupe yakapita kwenye kioo cha bluu, ikaniuliza habari ya ganda, nikabonyeza Enta, na sasa nina alama ya #.

Nimeandika fsck -p. Patisheni kadhaa zimepita bila maneno, lakini moja imesimama na kuandika kwamba kuna kasoro isiyotarajiwa na kwamba niendeshe fsck_ffs kwa mkono. Inaitaja /dev/sd0e. Na mzee, mimi ni dada.

fundi_nkuhungu | Jumamosi, saa 3:11 asubuhi

Andika fsck -y imalize yote, dada.

mzee_wa_terminali | Jumamosi, saa 3:20 asubuhi

Dada, ngoja kidogo. Ile -y ni kujibu ndiyo kwa kila swali hata kabla hujalisikia, na mojawapo ya maswali huwa ni kama faili fulani lililovunjika lifutwe. Kwenye patisheni isiyo na kitu cha thamani hilo halina neno. Kwenye patisheni yenye kumbukumbu za wakulima ni jambo jingine kabisa, na hapo ningeinakili kwanza diski nzima kwenye diski nyingine kabla ya kuigusa.

Andika cat /etc/fstab, kisha utazame mstari wa herufi e umeelekezwa wapi. Huenda kwenye fstab diski imeandikwa kwa kitambulisho kirefu cha tarakimu na herufi badala ya sd0, lakini herufi ya mwisho baada ya nukta ni ileile.

mizani_ya_zabibu | Jumamosi, saa 3:26 asubuhi

Mstari wa herufi e umeandikwa /var. Mstari wa /home ni herufi k. Mafaili ya mizani yako kwenye /home, nina hakika, kwa sababu ndilo jina linaloonekana kwenye njia ninapoyafungua kutoka kwenye kompyuta yangu.

mzee_wa_terminali | Jumamosi, saa 3:40 asubuhi

Basi fundi wetu wa Nkuhungu ameshinda kwa mara hii, na ninamtambua. Katika /var kuna kumbukumbu za matukio, foleni za barua na mambo ya namna hiyo, ambayo daima huwa yanaandikwa wakati umeme unapokatika, ndiyo maana patisheni hiyo ndiyo iliyoumia. Patisheni ya /home imepita ukaguzi bila neno. Andika amri hizi moja moja, kwa mpangilio huu, na usiruke:

fsck -y /dev/sd0e
fsck -p
mount -uw /
mount -a
cp /bsd.booted /bsd
chmod 700 /bsd
sha256 -h /var/db/kernel.SHA256 /bsd
passwd
reboot

Nikueleze kwa nini, ili usiwe unanakili tu kama kasuku. Katika hali ya mtumiaji mmoja, patisheni ya mzizi hupachikwa kwa kusomwa peke yake, kwa hiyo mount -uw / inaifungua iandikwe, na mount -a inapachika zilizobaki, ikiwamo /usr ambamo amri ya passwd inakaa. Wengi wakisahau hatua hiyo huambiwa kwamba passwd haipatikani, wakadhani mfumo umeoza. Amri ya cp inairudisha kerneli mahali pake. Ile ya sha256 inaandika alama ya kidole ya kerneli hiyo kwenye kitabu cha mashine, kwa maana mashine hukataa kuunganisha kerneli mpya ikiona iliyopo hailingani na alama iliyohifadhiwa. Bila hatua hiyo itawaka vizuri, lakini haitajipanga upya, na utaona lalamiko la kushindwa kuunganisha kerneli kila inapowaka.

Nywila mpya usiiandike humu ndani. Iandike kwenye karatasi, uifungie pamoja na vitabu vya stakabadhi.

fundi_nkuhungu | Jumamosi, saa 4:02 asubuhi

Mzee, nimesoma yote, na sasa nina swali ambalo naona limerukwa. Kama dada mhasibu, ambaye kwa kauli yake mwenyewe si fundi, ameweza kubadilisha nywila ya root bila kuijua ya zamani, basi mlinzi wa usiku anaweza, na mwizi anaweza. Huu mfumo unaosifiwa kwa usalama una maana gani?

mzee_wa_terminali | Jumamosi, saa 4:35 asubuhi

Ni swali la haki, na jibu lake lina ngazi.

Mtu aliyekaa mbele ya kibodi, akiwa na muda na bisibisi, ni bwana wa mashine. Asipopitia kwenye prompti atachomoa diski na kuisomea kwake. Kwa hiyo kufuli la mlango wa ofisi ni sehemu ya usalama wa mfumo, na hakuna amri itakayolibadilisha.

Ngazi inayofuata ni faili la /etc/ttys. Kuna mstari wa console ambao mwishoni una neno secure, maana yake mahali hapo panaaminika. Ukiliondoa neno hilo, hali ya mtumiaji mmoja itadai nywila ya root kabla ya kutoa ganda. Lakini hapo umemzuia mwizi mvivu tu, kwa sababu mwenye bidii ataandika boot bsd.rd, atachagua S apate ganda, ataipachika diski chini ya /mnt na kuendelea na shughuli zake. Njia hiyohiyo ndiyo itakayokuokoa wewe siku umeondoa neno secure kisha ukasahau nywila, isipokuwa itakubidi kwanza uingie /dev na kuandika sh MAKEDEV sd0, kwa sababu mfumo ule mdogo hauji na nodi za kila diski.

Ngazi ya kweli ni kusimba diski yote, yaani kuifanya isisomeke bila kaulisiri, kwa softraid, zana iliyomo ndani ya OpenBSD. Ikiwa hivyo, mpakiaji hudai kaulisiri kabla hajaisoma hata kerneli, na aliyechomoa diski anaondoka na chuma tu. Gharama yake ni kwamba umeme ukirudi usiku wa manane, mashine itasubiri mpaka mtu aje aandike kaulisiri, na intaneti ya ofisi itasubiri pamoja nayo. Kwa ofisi ya mizani ningebaki na kufuli. Kwa laptopu inayosafiri kwenye treni kati ya Dodoma na Dar es Salaam ningesimba bila kufikiri mara mbili.

njia_ya_kondoa | Jumamosi, saa 4:50 asubuhi

Kuna wanaodhani wameuziba mlango kwa kuandika neno boot peke yake ndani ya /etc/boot.conf. Faili hilo ni orodha ya amri ambazo mpakiaji huzisoma kabla ya kukuuliza, na ukiweka neno hilo hatakuuliza tena, ataenda moja kwa moja. Lakini mtu akishikilia kitufe cha Control wakati mpakiaji anaanza, faili zima linarukwa na prompti inatokea kama kawaida.

Na kitufe hicho kiliniokoa mimi mwenyewe. Nilikuwa ninaandaa mashine isiyo na kioo, ya kuongozwa kutoka kompyuta nyingine kwa waya wa serial, nikaandika kwenye boot.conf mistari miwili, stty com0 115200 na set tty com0. Baadaye mashine ikahamishiwa ofisi nyingine, waya ukabaki kabatini, wakaiunganisha na kioo cha kawaida. Wakaona maneno switching console to com0, kisha kimya. Wakanipigia kwamba imeungua. Mashine ilikuwa inawaka salama kabisa, ikizungumza kwa ufasaha na tundu lisilo na msikilizaji. Nilimwelekeza karani kwa simu ashikilie Control, na boot> ikatokea kiooni.

binti_kizota | Jumamosi, saa 5:10 asubuhi

Kwa tuliozoea Linux, je, ni sawa na ile grub>?

mzee_wa_terminali | Jumamosi, saa 5:21 asubuhi

Ni ndugu, lakini tabia zinatofautiana. GRUB, mpakiaji wa Linux, ina prompti mbili. Ukiona grub> una amri zake zote. Ukiona grub rescue> maana yake ameshindwa kuipata saraka ya moduli zake, naye amebaki na amri chache sana, kwa hiyo unamtafutia kwa ls, unamwelekeza kwa set prefix na set root, kisha insmod normal, halafu normal. Hali ya mtumiaji mmoja kwake hupatikana kwa kubonyeza e na kuongeza neno kwenye mstari wa kerneli. FreeBSD nayo ina prompti iliyoandikwa OK, nayo pia hupokea boot -s, na ukiharibu kerneli unaweza kuiita ya zamani kwa boot kernel.old. Ukijifunza moja vizuri, kwenye nyingine utaandika help na hutapotea.

mizani_ya_zabibu | Jumamosi, saa 6:30 mchana

Wakuu, imewaka. Nimefuata amri zote tisa, nikaandika reboot, ikahesabu zile sekunde tano yenyewe, ikaendelea bila kuniuliza. Mafaili ya mizani yapo yote, nimefungua la Alhamisi na mstari wa mwisho ni mkulima niliyempimia saa 11 jioni. Kompyuta nyingine tatu zimepata intaneti. Nimenunua diski ya nje mjini na ninanakili /home hivi sasa.

Swali langu la mwisho: zile sekunde tano ni chache kwangu, mara nyingi kioo chetu huchelewa kuwaka na prompti imeshapita. Zinaongezeka?

mzee_wa_terminali | Jumamosi, saa 6:44 mchana

Hongera, dada. Andika set timeout 30 ndani ya /etc/boot.conf. Na umeme ukikatika ukarudi, usiiwashe papo hapo, iache nusu saa mpaka uone umetulia. Mkipata fedha nunueni yuipiesi (betri ya akiba, UPS) ndogo ya kuishikilia mashine hiyo peke yake, hata kama ni ya dakika kumi tu, maana kazi ya kuunganisha kerneli haihitaji zaidi ya hapo.

fundi_nkuhungu | Jumamosi, saa 10:15 jioni

Mzee, nakiri kwamba mwaka jana nilifuta diski mbili zenye tatizo linalofanana na hili, na wenyewe walinilipa na kunishukuru. Sasa nina laptopu mezani, ya mwanafunzi, nayo ina OpenBSD. Kerneli inapakiwa, maandishi yanapita kwenye bluu, halafu katikati kioo kinakuwa cheusi moja kwa moja. Kibandiko kinasema ina kadi ya michoro ya Radeon. Leo sitaki kufuta kitu. Nianzie wapi?

mzee_wa_terminali | Jumamosi, saa 10:38 jioni

Andika boot -c. Kerneli itapakiwa lakini itasimama kabla ya kutafuta vifaa, na utaona prompti mpya iliyoandikwa UKC>. Andika disable radeondrm, kisha quit. Kioo kitabaki na maandishi makubwa ya kizamani, usijali. Ingia kama root, hakikisha kuna intaneti, andika fw_update ili ilete fimuwea, yaani programu ndogo inayohitajiwa na kadi hiyo, kisha reboot. Ulichokizima kwenye UKC kilikuwa cha safari ile moja tu, kwa hiyo dereva itarudi yenyewe, safari hii ikiwa na fimuwea yake.

fundi_nkuhungu | Jumamosi, saa 12:20 jioni

Kioo kimewaka, na maandishi ni madogo na safi. Nimempigia mwenyewe aje aichukue, akaniuliza kama mafaili yake ya mradi wa chuo yamepona, nikamwambia sijayagusa.